Mwisho wa Dunia na Kiu ya Kuijua Tarehe

Alhamisi, tarehe 1 Septemba, 2016, ilipokaribia saa sita ya mchana, mwanga wa jua ulififia katika Nyanda za Juu za Kusini, wala haukufifishwa na wingu. Mwezi ulikuwa umepita baina ya jua na dunia. Njia ya kivuli chake ilikatiza kusini mwa Tanzania kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na Rujewa, katika Wilaya ya Mbarali, ilikuwa karibu na katikati ya njia hiyo. Huko walikusanyika maelfu ya watu kutazama pete ya moto iliyodumu karibu dakika 3. Nyololo, katika Wilaya ya Mufindi, pale ambapo njia ya Igowole na Mtwango huiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya na kuelekea kwenye mashamba ya chai, ilikuwa karibu na ukingo wa njia hiyo ya kivuli. Huko jua lilifunikwa karibu lote. Siku kama hiyo, mtu anayesimama chini ya mti wenye majani mengi huona ardhini, badala ya madoa ya mviringo ya mwanga, mamia ya mundu ndogo zinazong'aa, kwa maana kila upenyo baina ya majani huwa ni tundu la kamera linaloichora sura ya jua.

Tukio hilo halikumjia mtu kwa ghafula. Wataalamu wa elimu ya falaki walikuwa wamekwisha kulipigia hesabu miaka mingi kabla, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa ametangulia kuwaeleza wananchi mahali, saa na namna ya kulitazama bila kuyadhuru macho. Hata hivyo, kila jua linapopatwa, maneno ya kale huamka. Watu wa pwani walisema zamani kwamba chewa, yule samaki mkubwa, amelimeza. Wengine wa bara na pwani, hata leo, husema kwamba hizo ni dalili za kiama. Nalo neno hilo halisemwi kwa hofu tupu. Anayelitamka aghalabu hulitamka kwa shauku, kama mtu aletaye habari kubwa, na wanaomsikiliza husogea karibu. Ndilo jambo linalohitaji kuelezwa. Kuogopa mwisho wa dunia si ajabu. Ajabu ni kwamba binadamu hupenda kusikia habari zake.

Sehemu moja ya jibu imo katika maumbile ya akili yenyewe. Mathalani, mchunga mbuzi husikia mchakacho katika nyasi ndefu. Akikimbia na kumbe ulikuwa upepo, amepoteza pumzi tu. Akipuuza na kumbe ni chui, amepoteza maisha. Kwa kuwa hasara hizi mbili hazilingani, kiumbe anayekimbia bure mara 100 ana nafuu kuliko yule anayekosea mara moja. Wanabiolojia hueleza kwamba kwa vizazi vingi uzani huo usio sawa umezifanya akili za wanyama, pamoja na ya binadamu, zikazie macho habari za hatari kuliko habari za amani. Kichwa cha habari kisemacho kwamba dunia itakwisha mwezi ujao hugusa mshipa ule ule uliomkimbiza mchunga mbuzi. Wauza magazeti walilijua hilo zamani, na wenye mitandao ya simu wanalijua sasa.

Lakini maelezo hayo hayatoshi. Mchakacho humfanya mtu akimbie; haumfanyi akae chini, anakili barua na kumpelekea jirani. Mwaka 1908, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, katika wilaya ya Lindi ilienea barua iliyoitwa ya Makka. Ilidaiwa kuwa imetoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ambaye alioteshwa kwamba siku za dunia zimekaribia kwisha na kwamba waumini wamepotoka. Watawala wa Kijerumani walishtuka, wakidhani kwamba ni mwito wa vita vipya. Kumbe barua ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kusafiri mbali. Mwanachuo wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alikwisha kuiandikia habari katika miaka ya 1880, ilipoonekana katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Wanazuoni wa Kiislamu wameikanusha mara nyingi. Pamoja na hayo haijafa: hubadilishwa maneno machache, ikapita mkono kwa mkono katika nakala za mashine, na siku hizi hupita kwa simu, ikiwa na agizo lile lile la kuisambaza na onyo lile lile kwa atakayeizuia.

Mwanafunzi wa biolojia anaweza kuitazama barua hiyo kama anavyotazama kirusi. Kirusi hakina uhai wake mwenyewe. Kina maagizo tu ya kujinakili, nacho huishi kwa nguvu za chembe hai kinachoivamia. Barua ya Makka nayo haina miguu, bali imebeba agizo la kunakiliwa. Hata hivyo chembe hai haivamiwi kama haina mlango unaopokea. Lindi ya mwaka 1908 ilikuwa na milango tele: watu waliotoka katika vita na njaa, waliopoteza ndugu, waliolazimishwa kulipa kodi kwa serikali iliyowashinda. Kwa watu wa namna hiyo habari ya kwamba dunia itakwisha haikuwa mbaya yote. Ilikuwa na maana kwamba mambo yaliyowapata yalikuwa na sababu, na kwamba yangefika kikomo.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika mkasa uliotokea upande wa pili wa Ziwa Nyasa miaka hiyo hiyo. Elliot Kenan Kamwana, Mtonga wa Nyasaland, alikuwa amepokea mafundisho ya Watch Tower yaliyoanzishwa Marekani na Charles Taze Russell. Mafundisho hayo yalitaja mwaka na mwezi: Oktoba, 1914. Mwaka 1908 na 1909 Kamwana alihubiri na kubatiza watu wapatao 10,000 katika muda wa miezi michache. Aliwaambia kwamba ukifika wakati huo utawala wa wageni utaondoka na kodi pamoja nao. Serikali ya kikoloni haikungoja Oktoba. Ilimhamisha akiwa bado ana wafuasi wengi.

Kisha mwaka 1914 ulifika, na pamoja nao vita. Mwezi Septemba Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, si mbali na Mto Songwe ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Mwaka 1916 mapigano yalifika Malangali, katika Mufindi hii hii iliyo na Nyololo. Vijiji vilinyang'anywa chakula, wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Vita vilipokwisha kwa jeshi la Kijerumani kusalimu amri huko Abercorn, tarehe 25 Novemba, 1918, homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilikuwa ikiingia. Hapana budi kuuliza: mtu wa Mbozi au wa Unyiha, aliyewahi kusikia mwaka 1910 kwamba mwaka 1914 dunia itatikiswa, angeona nini? Angeona kwamba mhubiri alisema kweli. Haishangazi kwamba wahubiri wa Watch Tower waliofukuzwa kutoka Rhodesia ya Kusini, mmoja wao akiwa Hanoc Sindano, walipata wasikilizaji wengi mpakani, katika sehemu za Fife na Abercorn, katika miaka ya mwisho ya vita hivyo.

Hapa ndipo makosa ya hesabu yanapojificha. Tarehe nyingi za kiama zilikwisha kutajwa na kupita bila tukio lolote. William Miller, mkulima wa Marekani, aliwafanya maelfu wangojee tarehe 22 Oktoba, 1844, jua likachwa na kuchomoza kama kawaida. Tarehe zilizokosa husahauliwa, na ile moja iliyogongana na vita hukumbukwa milele. Mwalimu wa hisabati anaweza kulieleza darasa jambo hili kwa sarafu: ukirusha mara nyingi na kuandika tu zile zilizoangukia upande unaoutaka, utaapa kwamba sarafu inakutii.

Mwaka 1910 wenyewe una somo ambalo halijatumiwa vya kutosha katika shule za Kusini. Mwezi Mei mwaka huo dunia ilitarajiwa kupita katika mkia wa nyotamkia ya Halley. Wanasayansi walikuwa wamechambua mwanga wa mkia huo na kukuta dalili za sayanojeni, gesi yenye sumu. Habari hiyo ilipoingia magazetini, watu wa miji ya Ulaya na Marekani waliziba matundu ya funguo ili hewa isiingie, na wajanja wakauza vidonge vya kujikinga na nyotamkia. Watu hao hawakuwa washamba wasiokwenda shule. Walikuwa wakazi wa miji yenye vyuo vikuu. Dunia ikapita mkiani na hakuna aliyekohoa, maana gesi ya mkia wa nyotamkia ni nyembamba mno. Miezi saba baadaye, tarehe 13 Desemba, 1910, bila gazeti lolote kutangaza, ardhi ya sehemu za Rukwa ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa kwa vyombo katika Afrika Mashariki. Lile lililotajiwa siku yake lilikuwa hewa tupu. Lile lenye nguvu halikupiga hodi.

Wakazi wa nyanda hizi wanaishi juu ya ushahidi wa mambo ya namna hiyo. Yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi ya povu na majivu, ambayo tabaka lake wataalamu wamelikuta katika udongo wa nchi kavu na katika matope ya chini ya maziwa. Mlima Kiejo, jirani yake, ulitoa lava mnamo mwaka 1800, na habari zake zilihifadhiwa na masimulizi ya Wanyakyusa. Kwa aliyekuwa karibu, hapana shaka kwamba dunia ilikwisha. Majivu hayo hayo yamekuwa sehemu ya udongo mwekundu na mweusi unaootesha ndizi, chai na viazi vya Tukuyu. Huko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe wa leo, kimelala kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, sehemu 90 katika 100 zikiwa chuma na nyingi ya zilizobaki zikiwa nikeli. Wageni walikitambua mwaka 1930; wenyeji walikijua kabla, nao hawakuwa na simulizi la kuanguka kwake. Ukimya huo ni ushahidi, kwa maana moto wa namna ile ungeonwa na watu usingalisahauliwa upesi. Yamkini kiliangua anga zamani sana, na shimo kilichochimba limekwisha kufutwa na mvua na mmomonyoko.

Kwa nini basi sayansi huweza kutaja dakika ya kupatwa kwa jua lakini haiwezi kutaja hata mwaka wa tetemeko? Swali hili huulizwa sana na wanafunzi, na linastahili jibu la makini kuliko linalopewa kwa kawaida. Katika kupatwa kwa jua vitu vinavyohusika ni vitatu tu, jua, dunia na mwezi, na vyote vinakwenda katika uwazi usio na msuguano, vikiongozwa na kani moja ambayo sheria yake imejulikana tangu enzi ya Newton. Mahali vilipo leo vikijulikana vyema, mahali vitakapokuwa baada ya karne moja hujulikana pia. Tetemeko huzaliwa kilomita nyingi chini ya miguu. Pande mbili za Bonde la Ufa hutengana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba hukazana na kujikunja kama upinde, mpaka siku moja msuguano unashindwa na upinde kuachia. Nguvu zinazovuta hupimika. Mahali hasa patakapoanza kukatika, na ni mvuto mdogo kiasi gani zaidi utakaotosha, hakujulikani, maana hakuna chombo kinachoweza kulishika jiwe lililo chini kiasi hicho na kuliuliza limechoka namna gani.

Wanasayansi wenyewe walijaribu. Parkfield, katika jimbo la California nchini Marekani, palikuwa na matetemeko yaliyofuatana kwa vipindi vya miaka 22 hivi, la mwisho likiwa la mwaka 1966. Ikatangazwa rasmi kwamba lingine lingetokea kabla ya mwaka 1993, na vyombo vikatapakazwa kila mahali. Tetemeko likaja tarehe 28 Septemba, 2004. Kosa hilo liliandikwa na kuchapishwa, na mbinu zikabadilishwa; siku hizi wataalamu hutaja uwezekano kwa kipindi cha miaka mingi, hawataji siku. Jibu la namna hiyo ni la kweli, lakini haliwashibishi watu. Mhubiri wa kiama humtangulia mwanasayansi hapo hapo. Mwanasayansi husema, "Pengine, katika miaka 50." Mhubiri husema, "Ijumaa."

Yaelekea hiki ndicho kiini cha jambo lote. Kinachotafutwa na watu katika habari za mwisho wa dunia si mwisho, ni tarehe. Kutojua ni mzigo. Mkulima ambaye hajui kama mvua itanyesha, mzazi ambaye hajui kama mwanawe atapona, hubeba mzigo huo kila siku bila kupumzika, na mtu anayewapa siku maalumu, hata iwe siku ya kutisha, huwapunguzia kitu. Zaidi ya hayo, huwaambia kwamba kizazi chao ndicho kilichochaguliwa kuona tamati ya hadithi iliyoanza tangu kuumbwa kwa mlima. Nani asiyependa kuwapo katika ukurasa wa mwisho? Inafaa kukumbuka kwamba dini kubwa zenyewe zimekataa kutoa tarehe: Biblia na Kurani zote zafundisha kwamba saa hiyo aijuaye ni Mungu peke yake. Wanaotaja siku huongeza juu ya vitabu wanavyovishika mkononi.

Na tarehe hizo huua. Nchini Uganda, kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu lilifundisha kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao. Januari ilipofika na dunia ipo, manung'uniko yalianza. Tarehe 17 Machi, 2000, kanisa lao huko Kanungu liliteketea na watu ndani, na makaburi ya wengine yakafukuliwa baadaye katika nyumba mbalimbali. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, watoto wakiwamo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioelezwa kuwa walifunga kula mpaka kufa ili wamwone Mwokozi kabla dunia haijakwisha. Mhubiri na wenzake walifikishwa mahakamani. Baadhi ya waliokufa huko walikuwa watu wenye elimu.

Iringa ilipata kujua msiba usio na tarehe. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba katika mkoa huo, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe, watu wazima 15.7 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wastani wa Tanzania Bara ulikuwa 5.8 hivi. Ugonjwa huo haukushuka kwa moto wala tarumbeta. Uliingia polepole, nyumba kwa nyumba, na katika vijiji vya Makete uliacha nyumba zenye bibi na wajukuu tu. Dawa zilipoanza kutolewa bure na serikali tangu mwaka 2004, aliyeokoka ni yule aliyeamini kwamba kesho ipo, akameza kidonge leo, na kesho yake tena. Aliyekwisha kuambiwa kwamba dunia inakwisha hana sababu ya kumaliza chupa ya dawa, wala ya kupanda msindano ambao mbao zake huvunwa baada ya miaka mingi.

Tarehe nyingine sasa iko mbele, nayo imetolewa na sayansi. Mwezi Juni, 2004, liligunduliwa jiwe la angani lenye upana wa mita 340 hivi, likapewa jina la Apophis. Mwezi Desemba mwaka huo hesabu za kwanza zilionyesha kwamba uwezekano wa kuigonga dunia tarehe 13 Aprili, 2029, ulikuwa 2.7 katika 100, kiasi kikubwa kuliko kilichowahi kutajwa kwa jiwe lolote hadi wakati huo. Wataalamu hawakuificha namba hiyo, wala hawakuishikilia. Picha za zamani zilipotafutwa na njia ya jiwe kupimwa upya, uwezekano wa mwaka 2029 ulifutika. Na baada ya vipimo vya rada vya mwaka 2021 ilithibitika kwamba halitaigonga dunia kwa muda wa miaka 100 angalau. Litapita kiasi cha kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, karibu zaidi kuliko satelaiti nyingi za mawasiliano.

Siku hiyo itakuwa Ijumaa. Ni dhahiri kwamba wiki chache kabla yake simu za Nyololo, kama za kwingineko, zitajaa picha za moto na barua zenye agizo la kuzisambaza. Shule inayotaka kujiandaa ina muda wa kutosha: njia ya jiwe inaweza kuchorwa ubaoni, umbali wake kulinganishwa na umbali wa mwezi, na mwendo wake kukokotolewa na kidato cha tatu. Baada ya jua kuchwa, jiwe hilo litaonekana Afrika kwa macho matupu, bila darubini, kama nukta ya mwanga inayohama polepole miongoni mwa nyota. Kikwazo kimoja tu hakikokotoleki mapema. Aprili ni mwezi wa mvua katika Mufindi, na ukungu wa huko ukishuka jioni mtu haoni hata taa za lori lililo mbele yake barabarani.